Zana za kusimamia mtandao wenye matawi: hesabu ya pesa, siri za watu na stima inayopotea

Chukulia kliniki ya binafsi yenye makao Kisumu mjini na matawi matatu: Ahero, Luanda na Bondo. Kila kituo kina rauta moja na swichi moja (sanduku la kuunganisha kebo za mtandao), na vifaa vya waifai ni sita kwa jumla. Hivyo ni vifaa 14, kompyuta kama 30, na fundi mmoja ambaye pia ndiye anayeitwa printa ikikwama karatasi. Maelezo haya yanalenga mtandao wa ukubwa huo. Mwenye duka la rauta moja asome sehemu ya siri na kuruka nyingine. Mwenye chuo cha swichi 80 atapata hesabu tofauti, ila maswali ni yale yale.

Kosa la kwanza hufanyika kabla pesa haijatoka mfukoni, nalo ni kutafuta zana moja ya kila kitu. Kazi ziko tatu. Kuna kupanga vifaa: nenosiri la waifai, anwani, nani aingie wapi. Kuna kuvichunga: kujua swichi ya Bondo imezimika kabla ya karani kupiga simu. Na kuna kuingia kwenye kompyuta ya mfanyakazi kwa mbali ili kumsaidia. Wauzaji huziuza kwa fungu moja kama omena, kubwa na ndogo bei moja. Zitenganishe. Kuchunga vifaa hakuhitaji kabisa zana inayoona skrini ya daktari.

Pesa

Hesabu kwa miaka mitatu, kwa shilingi, pamoja na saa za fundi. Mfano: zana ya kwenye wingu, yaani inayokaa kwenye seva za muuzaji na kufikiwa kwa intaneti, inatoza dola 2 kwa kifaa kwa mwezi. Vifaa 14 mara miezi 36 ni dola 1,008. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni 130,032. Ukiongeza VAT ya asilimia 16 unafika karibu 150,800. Sasa kumbuka kuwa Januari 2024 dola ilivuka shilingi 160. Kwa kiwango hicho zana ile ile, kabla ya kodi, ingekuwa 161,280. Tofauti ni zaidi ya shilingi 31,000, na hakuna aliyeongeza bei. Bajeti inayopangwa kwa shilingi na kulipwa kwa dola iachiwe nafasi ya kupumua.

Upande wa pili ni programu huria, isiyo na ada ya leseni, kwenye mashine yako. Tuseme kompyuta ndogo ya mtumba, zile za mezani zisizozidi kitabu kinene, ni 22,000, na UPS (betri ya kushikilia stima ikipotea) ni 9,000. Mashine ya aina hiyo ikikaa bila kazi nzito hula kama wati 15, yaani uniti 10.8 kwa mwezi. Ukilipia uniti moja shilingi 28, ni shilingi 302, na kwa miezi 36 ni karibu 10,900. Kusakinisha na kupanga kunachukua siku tatu, saa 24. Kutunza ni saa mbili kwa mwezi, saa 72. Saa moja ya fundi ikiwa 700, hizo saa 96 ni 67,200. Jumla inakaribia 109,000. Weka bei zako mahali pa hizi, kisha tazama: zaidi ya nusu ya gharama ya programu ya bure ni mtu. Bodi ikisikia neno “bure” na kukata saa za fundi, zana itasakinishwa, itaachwa bila masasisho mwaka mzima, na itageuka kuwa tundu ukutani.

Kabla ya kulipia chochote uliza swali moja: leseni ikiisha, ni nini kinazimika? Vifaa vya Cisco Meraki vilivyo chini ya leseni ya pamoja hupewa siku 30 baada ya muda kwisha, kisha huacha kupitisha data. Ni vifaa vizuri, lakini kliniki ambayo malipo yake ya bima hucheleweshwa miezi miwili isivisogelee. Rauta za MikroTik huja na leseni ndani ya kifaa na haiishi. UniFi ya Ubiquiti na Omada ya TP-Link ni vifaa vya waifai vyenye kontrola, yaani programu ya kuvipanga vyote kutoka mahali pamoja, ambayo unaiweka kwenye mashine yako bila ada. Ukiizima, waifai inaendelea. Kinachokwama ni ukurasa wa kuwakaribisha wageni na takwimu.

“Bure” nayo ina masharti. PRTG, zana ya kuchunga vifaa, ni bure hadi vihisi 100, na kihisi ni kipimo kimoja, si kifaa kimoja. Swichi ya poti 24, ukipima kila poti, imekula vihisi 24. Kwa wastani wa vihisi kumi kwa kifaa, vifaa 14 vimeshapita. TeamViewer ya bure, ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, ni ya matumizi ya nyumbani tu. Ukiitumia ofisini mfumo wake unagundua na kuanza kukukata katikati ya kazi, na hapo kosa ni lako. Zabbix na LibreNMS, zana huria za kuchunga, hazina kikomo cha vifaa.

Siri

Watu hudhani zana ya mtandao haioni chochote cha mgonjwa kwa sababu haifungui faili lake. Angalia inachoona. Simu inapojiunga na waifai ya wageni, rauta inaandika jina la simu, mara nyingi jina la mwenyewe, “Galaxy ya Akinyi”. Inaandika saa, na kifaa kipi cha waifai kiliipokea. Kifaa hicho kikiwa kwenye korido ya huduma za HIV, na simu hiyo ikirudi kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, kumbukumbu ya mtandao imeshasema jambo ambalo faili la mgonjwa limefungiwa kabatini lisisemwe. Ongeza ukurasa wa kuingia unaodai nambari ya simu, na umekamilisha orodha. Sasa jiulize orodha hiyo iko kwenye seva ya nani.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa data nyeti. Kampuni inayokuhifadhia kumbukumbu hizo inakuchakatia data, kwa hiyo kuwe na mkataba wa maandishi. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa wahusika, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Wenye biashara ndogo hushika kwamba mapato chini ya milioni 5 na wafanyakazi chini ya 10 wamesamehewa kujisajili. Msamaha huo hauifikii kliniki wala shule, hata ikiwa na wauguzi wawili.

Wingu si dhambi. Lakini zana ya kusimamia mtandao ndiyo funguo zote kwenye pete moja, na wezi wanalijua hilo. Desemba 2020 iligunduliwa kwamba masasisho ya SolarWinds Orion, zana ya kuchunga mitandao, yalikuwa yametiwa sumu, na wateja wapatao 18,000 walikuwa wameyapakua. Julai 2021 wahalifu walipitia Kaseya VSA, zana ya kusimamia kompyuta kwa mbali, na kufunga kompyuta za mamia ya biashara ndogo ambazo hazikuwahi kusikia jina la Kaseya. Mafundi wao ndio waliokuwa wakiitumia. Na Desemba 2023 baadhi ya wateja wa Ubiquiti walijikuta wakiona kamera za watu wengine kupitia akaunti za wingu.

Badala ya kuamini ukurasa wa sera ya faragha, pima. Sakinisha zana kwenye mashine ya majaribio, iache siku nzima, na usikilize majina ya seva inayoyauliza kwenye intaneti:

sudo tcpdump -lni any port 53 | tee majina.txt

Kwenye rauta ya MikroTik tazama pia miunganisho inayotoka, kwa mfano mashine ikiwa 192.168.10.5:

/ip firewall connection print where src-address~"192.168.10.5"

Kutafuta masasisho mara moja kwa siku ni kawaida. Muunganisho unaokaa wazi saa 24 kwenda kwa mtengenezaji ni ufikiaji wa mbali, na lazima ujue kitufe cha kuuzima kiko wapi. Zima pia utumaji wa takwimu za matumizi. Kontrola nyingi huja umewashwa. Kisha rudia kipimo, kwa sababu si kila kitufe hufanya kinachosema.

Hatari iliyo ndani ya nyumba husahaulika zaidi. SNMP ni lugha ambayo zana ya kuchunga huitumia kuviuliza vifaa hali yao. Toleo la 2c, ambalo mafunzo mengi huanza nalo, hupitisha nenosiri lake wazi bila kulificha, na nenosiri lenyewe mara nyingi ni “public”. Tumia toleo la 3 na uruhusu mashine moja tu kuuliza:

/snmp community set [find default=yes] read-access=no
/snmp community add name=tazama addresses=192.168.10.5/32 security=private authentication-protocol=SHA1 authentication-password=NENO1 encryption-protocol=AES encryption-password=NENO2
/snmp set enabled=yes

Maneno yawe na herufi nane au zaidi. Upande wa Zabbix chagua authPriv (kuthibitisha na kuficha), SHA1 na AES128. Ukikosea kimoja, mara nyingi hutaambiwa umekosea. Utaona tu muda umekwisha bila jibu, na utapoteza asubuhi nzima ukilaumu kebo.

Poti ya Winbox (programu ya kupangia rauta za MikroTik), 8291, isionekane kamwe kutoka intaneti. Mwaka 2018 tundu kwenye huduma hiyo liliruhusu mtu wa nje kusoma majina na maneno ya siri ya rauta. Dawa ilitolewa Aprili mwaka huo huo, na bado rauta nyingi zilivamiwa miezi kadhaa baadaye kwa sababu hakuna aliyezisasisha. Ifungie kwa mashine za ofisi:

/ip service disable telnet,ftp,www,api
/ip service set winbox address=192.168.10.0/24

Kufika Bondo bila kupanda matatu

Hapa ndipo zana nzuri za kwenye video hufia. Matawi mengi hutumia laini ya simu, na laini hizo hukaa nyuma ya anwani ya pamoja ya kampuni ya simu. Fungua rauta uangalie anwani ya upande wa nje: ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, au inaanza na 10, huwezi kuifikia kutoka nje hata ufungue poti ngapi. Tawi lazima lipige lenyewe kuelekea Kisumu. Kwa hiyo makao makuu yanahitaji anwani ya kudumu ya umma kutoka kwa mtoa huduma wa faiba, au seva ndogo ya kukodi ambayo vituo vyote vinne vinakutana hapo.

WireGuard, inayochimba handaki la siri kati ya vituo kupitia intaneti, inatosha na haina ada. Rauta za MikroTik zinayo tangu toleo la 7. Kwenye tawi weka ishara ya uhai kila sekunde 25, la sivyo kampuni ya simu itaisahau njia na makao makuu hayatafika tawini. Usiogope bando: pakiti moja ni kama baiti 60, na mwezi mzima haufiki MB 10.

Makosa mawili hapa hula siku. La kwanza ni ukubwa wa pakiti. Ping inaenda, lakini ukurasa wa swichi ya Luanda unafunguka nusu na kuganda. Shusha MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya handaki kutoka 1420 hadi 1380 na ujaribu tena.

La pili linatokana na stima. WireGuard hukataa salamu yenye saa ya nyuma kuliko ile ya mwisho iliyopokelewa. Rauta nyingi hazina betri ya saa. Stima ikipotea na kurudi, rauta inaamka ikidhani ni mwezi uliopita, inapiga hodi, na Kisumu inanyamaza. Fundi anaona rauta imewaka, intaneti ipo, handaki halipo. Dawa ni kuwasha mteja wa NTP, anayeuliza saa sahihi kutoka intaneti, na kuhakikisha maulizo ya saa yanapita nje ya handaki, kwenye laini ya kawaida. Ukiyapitisha ndani ya handaki, saa inangoja handaki na handaki linangoja saa.

Mashine ya uchunguzi nayo isikae kwenye kadi ya kumbukumbu. Hifadhidata inaandika bila kupumzika, na kadi ikikatiwa stima mara kadhaa katikati ya kuandika inaharibika. Tumia SSD. Ukubwa hausumbui: vifaa 15 (vile 14 na mashine yenyewe), vipimo 40 kila kimoja, kila sekunde 60, ni vipimo 10 kwa sekunde, Zabbix hutumia kama baiti 90 kwa kipimo, hivyo siku 90 ni GB 7. SSD ya GB 120 inabaki na nafasi. Mafundi wanaojaza diski huwa wameacha kila kipimo kila sekunde 10 na historia ya mwaka mzima. Nani atauliza joto la swichi ya Ahero la saa tisa usiku mwezi Machi?

Usisahau radi. Ukanda huu wa ziwa unapigwa sana, na kebo ya shaba inayovuka uwanja kutoka jengo hadi jengo ndiyo njia yake kuu ya kuingia kwenye swichi. Weka faiba kati ya majengo na kifaa kimoja cha waifai cha akiba kabatini. Zana ya uchunguzi itakachofanya ni kukuandikia saa ya msiba.

Arifa

Mashine ya kuchunga iliyo Kisumu haiwezi kukutumia ujumbe kwamba intaneti ya Kisumu imekatika. Weka jicho moja nje: Uptime Kuma, programu huria inayoangalia kama kitu kiko hewani, kwenye seva ya kukodi iliyo ndogo kabisa, ikipiga hodi kila sekunde 60. Ndani ya Zabbix, fungamanisha arifa za tawi na rauta ya tawi hilo, ili Bondo ikizima upate ujumbe mmoja badala ya kumi. Ngoja dakika tano kabla ya kutuma. Stima inayopepesa haistahili kumwamsha mtu. Arifa zikipitia Telegram, ziandike “Bondo swichi chini” na basi. Majina ya simu za wageni na anwani za ndani hayana kazi huko.

Nichukue ipi?

Kwa kliniki yetu: rauta za MikroTik na vifaa vya waifai vya Omada au UniFi, kontrola ikiwa kwenye mashine ya ofisi, wingu limezimwa. Kuchunga kufanywe na LibreNMS ikiwa fundi ni mmoja na hana muda. Inavumbua vifaa yenyewe, inapima kila dakika tano, na mafaili ya grafu zake hayakui bila mwisho. Zabbix ina nguvu zaidi lakini inadai mtu wa kuipenda. Msaada wa mbali uwe RustDesk yenye seva yako au MeshCentral, zikipitia handaki la WireGuard, na mfanyakazi abonyeze “kubali” kila mara. Nenosiri la kudumu la kuingia bila ruhusa lisiwekwe kwenye kompyuta ya daktari.

Mwenye kituo kimoja na vifaa visivyozidi vitano asijitese na yote haya. Kontrola ya wingu ya mtengenezaji, akaunti yenye uthibitisho wa hatua mbili kwa barua pepe ya kliniki, na ukurasa wa wageni usiodai jina wala nambari: inatosha. Seva yako isiyosasishwa ni mbaya kuliko wingu la mtu anayesasisha.

Wiki ya kujaribu

Fanya haya kabla ya kulipa au kusambaza matawini. Siku ya kwanza chomoa intaneti ya makao makuu kwa saa moja mchana. Waifai iendelee, printa zichape, na ujumbe wa jicho la nje ufike kwenye simu yako. Siku ya pili zima umeme wa tawi moja kwa swichi ya ukutani, hesabu dakika hadi handaki lirudi lenyewe. Likizidi kumi, rudi kwenye saa na NTP. Siku ya tatu toa nakala ya mipangilio ya rauta, ukiilinda kwa nenosiri:

/system backup save name=bondo password=NENO3

Nakala isiyo na nenosiri ina siri zote za rauta ndani yake, na kuiacha kwenye barua pepe ni kama kuacha ufunguo chini ya zulia la mlangoni.

Siku ya nne ndiyo ngumu. Kontrola ikikaa kwenye laptopu ya fundi, siku fundi akiondoka inaondoka naye, na vifaa vyote sita vya waifai vitatafutwa kwa ngazi, kibonyezo cha nyuma kikishikwa kwa pini sekunde kumi hadi kisahau kila kitu. Kwa hiyo weka kontrola kwenye mashine ya ofisi, andika akaunti kuu, maneno ya siri na mahali nakala zilipo, ufunge ndani ya bahasha kwenye sefu ya mhasibu. Kisha mwite mtu mwingine anayejua mitandao kidogo, mpe bahasha na rauta ya akiba, na umwombe airudishe Bondo. Wewe kaa pembeni usiseme kitu. Kila atakapokuuliza, ongeza mstari kwenye karatasi ya bahasha.